Pete Kabla ya Uzi

Baada ya kumzika mjomba sikulala vizuri kwa muda, na kilichoniamsha si kilio. Kilikuwa swali. Nikikubali kurithi karakana yake, nitakuwa nimekubali kwa sababu ni haki yangu, au kwa sababu ndiyo nafasi ya mwisho ya kumpokonya Tatu kitu? Na nikikataa, nitakuwa nimekataa kwa wema, au ili watu wa Kilakala waseme Hawa ana moyo mzuri, na Tatu abebe wema wangu kichwani kama ndoo ya maji mpaka azeeke? Nililigeuza swali kama mtu anavyogeuza mto kutafuta upande wa baridi. Kando yangu Mama Mkubwa, dada yake mama, alikuwa anakoroma kwa amani ya mtu ambaye hajawahi kujiuliza jambo mara mbili. Hata yeye nilimwonea wivu.

Inabidi nieleze vitu viwili, vinginevyo wivu wangu utaonekana wazimu mtupu. Mjomba Selemani, baada ya kustaafu kiwandani Mzinga, alikuwa anatengeneza fimbo za kuvulia samaki. Sisemi mianzi ya watoto ya pale Bwawa la Mindu. Nasema zile fimbo nyembamba za watu wanaokwenda Kilombero na Rufiji kuvua kwa starehe, wanaotaka fimbo inayolingana na mkono wao kama suti ya fundi. Walimletea ufito mtupu walioununua mbali, au fimbo iliyovunjika, naye aliivika mpini, pete na uzi. Jambo la pili ni kwamba sisi ni Waluguru, na ukoo wetu unafuata mama. Kiwanja cha Kilakala, mjini Morogoro, kilikuwa cha bibi mzaa mama. Kwa hiyo nyumba ya mjomba na karakana iliyo nyuma yake haziendi kwa mtoto wake. Zinakwenda kwa mtoto wa dada yake anayemfuata kuzaliwa, ambaye ni mimi. Tatu, binti yake wa pekee, ni wa ukoo wa mama yake. Alizaliwa katika nyumba ile, akajifunza kutembea kwa kushika ukuta wa karakana ile, na mbele ya ukoo alikuwa mgeni wa siku nyingi.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule niliomaliza chuo. Nilikuwa na shahada ya ufugaji wa samaki na maombi ya kazi yasiyojibiwa. Mama akasema nikakae kwa mjomba, angalau nione samaki. Kwa mwaka mzima sikumwona samaki hai hata mmoja. Niliona chumba. Kilinuka gundi, vanishi na mdalasini, maana magunia ya mdalasini kutoka Kinole, kijijini kwetu milimani, yalihifadhiwa humo kabla ya kupelekwa sokoni, na mpaka leo nikinusa chai ya viungo kidole changu cha gumba kinataka kusukuma kitu. Kulikuwa na dirisha moja lililotazama milima, na kila alasiri mawingu yalishuka kutoka Uluguru na kuufunika mlima kama mtu anayejivutia shuka. Chini ya dirisha kilikuwapo kiti cha Tatu, kwa sababu uzi unataka mwanga. Kiti changu kilikuwa ukutani upande wa pili, kikitazama mlango. Kiti cha mjomba kilikuwa popote alipokaa.

Kazi yangu ilikuwa kushika pete. Pete ni vile viduara vyenye miguu vinavyosimama mgongoni mwa fimbo, kubwa karibu na mpini, ndogo kuelekea nchani, ambamo mshipi wa kuvulia hupita. Kabla hazijafungwa kwa uzi lazima zishikiliwe mahali pake na kitu fulani, na kwa mjomba kitu hicho kilikuwa mpira wa valvu, ule mrija mwembamba ambao mafundi baiskeli huuvika kwenye valvu za zamani. Niliukata kwa wembe vipande vyembamba kama vitunguu vya kachumbari. Kila pete ilipata vipande viwili, kimoja kwa kila mguu. Unavivika kwenye ufito kuanzia nchani, unaingiza mguu wa pete chini yake, na pete inasimama. Inasimama, lakini bado inasogea ukitaka. Hapo ndipo kazi inapoanza. Unaweka jicho nyuma ya mpini, unafumba la pili, unatazama mlangoni kwenye mwanga mpaka pete zote zikae moja ndani ya nyingine, kama mawimbi ya jiwe lililotupwa kwenye maji yaliyotulia. Iliyopinda unaisukuma kwa ukucha. Halafu unafunga mfuko wa mchanga kwenye mshipi, unaiacha fimbo ijikunje, unatazama kama mshipi unafuata mkunjo au unagusa ufito mahali. Ukigusa, unaanza upya.

Kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa kazi na adhabu kwa pamoja. Nilisogeza pete kulia, nikaona nimezidisha, nikairudisha, nikajiuliza kama nimeirudisha ilipokuwa au mahali pa tatu, nikaivua, nikaivika. Mjomba alipita nyuma yangu na kikombe chake cha kahawa.

"Hawa, hiyo pete itachoka kabla ya samaki."

"Naona kama imelala kidogo, mjomba."

"Imelala upande gani?"

"Ndiyo sijui. Jana nilidhani kushoto."

"Basi ngoja kesho utadhani kulia, uchukue katikati."

Tatu alicheka bila kuinua kichwa. Fimbo nilipoimaliza ilihamia kwake, ikalazwa kwenye vishikizo viwili vya mbao vyenye mkato, vilivyobandikwa kipande cha blanketi ili isichubuke. Aliuanzisha uzi nje ya mguu wa pete, akazungusha fimbo kwa mkono wa kushoto na kuukaza uzi kwa kulia, na uzi ukapanda mguu mzunguko kwa mzunguko, ukilala kando ya mwenzake bila nafasi hata ya unywele. Uzi ulipokwisha kuukamata mguu, alichukua wembe akaukata mpira wangu. Ulikuwa unatoa mlio mdogo sana. Kipande kikaruka, kikaanguka sakafuni, na kuku wa mama yake wakakimbilia wakidhani mnyoo, wakakidonoa, wakakitema. Asubuhi yangu nzima ikaishia hapo, kwenye kitu ambacho hata kuku alikikataa.

Nilimwonea wivu kwa namna ambayo sikujua mtu anaweza. Si kwa jumla jumla, bali kipande kwa kipande. Nilimwonea wivu wa sugu kwenye kidole chake, nikasugua changu kwenye ukingo wa meza nione kama itaota. Nilimwonea wivu wa kopo la biskuti alimopanga nyuzi zake, za rangi ya damu ya mzee, za bluu ya shule, za manjano. Alipomaliza fimbo aliweka juu ya mpini alama yake, mzunguko mpana wa kijani kati ya miwili myembamba ya manjano, na mjomba alikaa kumtazama akiweka. Hakuwa anakagua. Alikuwa anatazama tu, kahawa ikipoa mkononi. Mimi hakunitazama hivyo hata mara moja. Alinipa ufito, akaondoka, akarudi, akaichukua fimbo na kuipeleka dirishani bila hata kuiweka jichoni. Nilidhani hajali.

Siku moja alikuja mteja, mkandarasi wa barabara ambaye sote tulimwita Injinia, kuchukua fimbo yake. Alikuwa mtu mkubwa mwenye vidole laini, na alipitisha kidole juu ya uzi wote kuanzia mpini mpaka nchani, taratibu, kama mtu anayesoma.

"Mzee Selemani, hii nani kaifunga? Kama shanga."

"Binti yangu," mjomba akasema.

Tatu akainamisha uso kwenye kopo lake la biskuti, akatafuta uzi ambao hakuuhitaji.

"Na huyu?"

"Huyu mpwa wangu. Ana digrii."

"Naye anafanya nini hapa?"

Mjomba alifikiri. Naapa alifikiri kwa dhati, alitaka kunitendea haki. "Huyu anashika," akasema.

"Anashika nini?"

"Anashika mpaka Tatu afunge."

Injinia alicheka akaniambia hongera. Hakuitazama fimbo kwa ndani ya pete hata kidogo. Nilikaa na neno lile wiki nzima. Nilipokuwa naoga nilikuwa anashika. Nilipokuwa namenya viazi nilikuwa anashika. Niliwaza kwamba siku nikifa watasema alikuwa akishika, halafu wenye kazi wakaja.

Chakula tulikula pamoja kwenye mkeka nyuma ya jiko la Mama Tatu, mke wa mjomba, mwanamke mwenye sauti ya chini na mkono mzito wa nazi. Kulipokuwa na kambale, na mara nyingi alikuwapo kwa sababu wateja walileta shukrani zao zikiwa zimekwisha kuacha kuchezesha masharubu, mjomba alifanya jambo lile lile kila mara. Alikivunja kichwa, akakiweka upande wangu wa sinia.

"Baba, mimi siku zote mkia," Tatu akasema.

"Mkia ndio unaomsukuma samaki."

"Na kichwa?"

"Kichwa cha mwenye nyumba."

"Haya. Mwenye nyumba, kula macho hayo yanakutazama."

Sipendi kichwa cha kambale. Sijawahi kukipenda. Nilikifyonza mfupa kwa mfupa kwa adabu, huku namtazama Tatu akila mnofu safi wa mkia kwa mkono wenye sugu, na nilikuwa tayari kubadilishana vichwa vyote vya kambale wa mkoa mzima kwa uzi mmoja. Sikuona mkono wa mjomba ulikuwa unasema nini kwenye sinia ile. Niliona tu kwamba mwenzangu anapewa kitu kitamu.

Utani ule wa mwenye nyumba ulikuwa wa kila siku. Binamu wa namna yetu wanaruhusiwa kutukanana bila kununa, na Tatu aliitumia ruhusa yote. Tulilingana umri, lakini asubuhi alinipokea mlangoni kwa magoti yaliyokunjwa nusu. "Shikamoo mwenye nyumba. Tunaomba usitupandishie kodi." Nami nilijibu marahaba, nikampa mkono aubusu, tukacheka, nikaenda kwenye kiti changu cha ukutani kukata mpira. Nilidhani ni mzaha tu.

Halafu ikaja alasiri moja ya masika. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu ambayo ukizungumza hujisikii mwenyewe. Tatu alikuwa ameenda sokoni, nami nilikuwa peke yangu karakanani nakata mpira wa valvu. Mjomba na mkewe walikuwa upande wa pili wa ukuta, barazani, wakipaza sauti ili wasikilizane. Kisha mvua ikakatika ghafla, kama inavyofanya huku chini ya milima, na sauti zao zikabaki zimepazwa hewani.

"… anakutazama kama paka mbele ya bucha. Mpe basi naye uzi siku moja."

"Namwona," mjomba akasema.

"Sasa?"

Nilisikia kikombe kikiwekwa chini. Sauti yake ikashuka, lakini ukuta ule ulikuwa wa tofali moja.

"Hawa ana jengo hili. Siku nikifa dada zangu watashuka kutoka Kinole, watachukua ufunguo, watampa yeye. Tatu watampa pole. Sasa nisimwachie hata mkono? Uzi ataondoka nao popote. Hakuna kikao kitakachomvua."

"Mwenzake hajui hilo."

"Atajua."

"Si umwambie."

"Nimwambie nini, mama Tatu? Kwamba nina mtoto?"

Nilibaki na wembe mkononi. Ni rahisi kusema sasa kwamba pale wivu wangu ulipaswa kufa. Nilikuwa nimepewa sababu, na sababu yenyewe ilikuwa nzuri, hata iliniweka mimi juu: yeye uzi, mimi jengo zima. Lakini wivu si hesabu. Ulizidi. Kwa maana nilielewa jambo ambalo mpaka wakati ule lilikuwa bado halina umbo. Jengo nilikuwa napewa na desturi. Mama angezaa mtoto mwingine badala yangu, jengo lingekwenda kwa huyo, na mjomba asingeona tofauti. Tatu alikuwa anapewa na mtu. Baba yake alikaa na kahawa inapoa, akafikiri namna ya kumwachia kitu katikati ya sheria isiyomtaka, akakipata, akakiweka kwenye vidole vyake. Mimi nilipata kichwa cha kambale kwa sababu ya tumbo nililotoka. Yeye alipata uzi kwa sababu alikuwa Tatu.

Tangu siku hiyo utani ulibadilika masikioni mwangu.

"Shikamoo mwenye nyumba."

Nilipita bila kumpa mkono.

"Leo umenuna?"

"Usiniite hivyo, Tatu."

"Nikuiteje sasa? Mpangaji? Huyo ni mimi."

Alicheka, lakini nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza na kuona kwamba alicheka kwa mdomo tu. Nilitaka kumwambia kwamba nilisikia. Nilitaka kumwambia chukua jengo nipe baba. Nilifikiri sentensi hizo muda mrefu mno, nikazipanga, nikazisogeza kwa ukucha, na kabla hazijakaa sawa Tatu alikuwa amekwisha kuketi kwenye mwanga wake.

Na katika mwaka ule wote sikuomba uzi. Hilo ndilo ninalorudi kulitazama. Nilitaka nipewe. Niliamini kitu ukikiomba hukupewa, umehurumiwa, na mimi sikutaka huruma ya mjomba. Nilitaka aje na kopo la biskuti bila kuambiwa. Kwa hiyo nilisubiri kwenye kiti cha ukutani, nikishika, mpaka barua ya kazi ya mkataba Dodoma ilipofika. Asubuhi niliyoondoka mjomba alinisindikiza mpaka mlangoni.

"Zile pete za mwisho umeziangalia?"

"Nimeziangalia."

"Mara ngapi?"

"Sijui, mjomba. Nyingi."

"Basi ziko sawa," akasema, akaingia ndani.

Miaka imepita tangu hapo. Siku hizi kuna treni ya umeme, na Dodoma si mbali kama ilivyokuwa, lakini nilikuja Morogoro mara chache, na nilipokuja nilikaa sebuleni. Karakanani sikuingia. Tatu alikuwa humo. Kisha simu ya msiba ikaja.

Nilipofika, nyumba ilikuwa imejaa. Akina mama wa mtaa walikuwa wamefagia, wamehamisha makochi, wametandika mikeka, na mlangoni mwa chumba cha wanawake walikuwa wametundika pazia la kanga. Nilikaa chini ya pazia lile siku ya kwanza yote, nikilia na kusalimia, kabla sijainua macho. Fimbo ya pazia ilikuwa ufito mweusi, mwembamba, wenye mpini wa gome jepesi, kama la vizibo vya chupa, upande mmoja. Kanga ilikuwa imebanwa kwa pini za usalama kwenye pete. Waliingia karakanani kutafuta kitu cha kutundikia pazia, wakakuta fimbo yenye vipete vilivyojipanga, wakaona sifa ni za Mungu, mzee kawaachia. Ilikuwa fimbo ya mwisho ya mjomba. Miguu ya pete ilikuwa bado imeshikwa na mpira wa valvu tu, na kila mwanamke aliyelivuta pazia aliivuta pete moja huku na nyingine kule.

Tatu alikuwa amekaa upande wa pili wa mlango. Naye alikuwa ameiona. Tulitazamana juu ya vichwa vya waombolezaji, na kwa aibu kubwa nilihisi kicheko kinapanda, na yeye akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakamtikisika, na jirani mmoja akampapasa mgongoni akisema lia mwanangu, lia.

Baadaye tuliitoa, tukaipeleka karakanani. Kuta zilikuwa zile zile, mdalasini ule ule.

"Nilikuwa nimebakiza kuifunga," Tatu akasema. "Sasa zimeharibika zote. Baba ndiye aliyezipanga, na yeye macho yake mwishoni yalikuwa na ukungu. Mimi siwezi."

"Unaweza. Umeziona maisha yako yote."

"Nimeona uzi, Hawa. Pete baba hakuniachia hata siku moja. Alisema nina haraka. Tangu uondoke kila fimbo alikuwa anaiweka jichoni, anaishusha, anaiweka tena. 'Hawa angeona hii.' Kila fimbo. Hawa angeona hii, Hawa angeona hii. Umenichosha hata ukiwa Dodoma."

Wakati wangu hakuwahi kuiweka fimbo jichoni. Nilidhani hajali.

Kikao cha ukoo kilifanyika Kinole, baada ya hitima, uani kwa Mama Mkubwa, karafuu zikiwa zimeanikwa kwenye mikeka na sisi tumebanwa pembeni tusizikanyage. Swali langu lilikuwa bado halijajibiwa. Nilikuwa nimeelemea upande wa kukataa, kwa kuwa kukataa kulikuwa na sura nzuri zaidi. Ndipo Ramadhani, mtoto wa Mama Mkubwa, aliposafisha koo.

"Mimi nasema hivi. Hawa ana kazi yake ya serikali huko Dodoma. Kama hahitaji, asione haya. Pale pana nafasi nzuri ya spea za bodaboda. Mimi niko tayari kesho."

"Na Tatu?" nikauliza.

"Tatu ana kwao," akasema, bila ubaya wowote. "Atapewa vitu vyake. Si nyuzi tu?"

Nilishangaa jinsi nilivyokuwa mjinga kwa akili nyingi namna ile. Nilipima moyo wangu kwa siku zote hizo kama nia ni safi au si safi, na sikuwahi kujiuliza mlango ukitoka mkononi mwangu unakwenda mkononi mwa nani. Wema wangu ungemtoa Tatu dirishani kabla ya wiki kwisha.

"Hawa," Mama Mkubwa akaita. "Unakubali au hukubali? Na usituletee semina."

Watu walicheka. Nilisimama.

"Nakubali," nikasema. "Na Tatu anabaki alipo."

"Kama nani?" Ramadhani akauliza.

Nilifikiria kusema fundi wangu, nikaona ni tusi. Nilifikiria kusema mgeni wangu, nikaona ni tusi kubwa zaidi. "Kama mtoto wa mjomba," nikasema. "Kiti cha dirishani ni chake. Mimi ninacho changu."

Mama Mkubwa alifungua fundo la kanga yake, akatoa ufunguo. Ulikuwa wa moto kutoka mwilini mwake.

Asubuhi yake, tukiwa tumerudi Kilakala, nilifungua karakana mwenyewe. Tatu aliingia nyuma yangu. Alikunja magoti nusu, akafungua mdomo, kisha akaunyoosha mwili bila kusema kitu, na nikagundua kwamba ningependa aseme. Nilikaa kwenye kiti cha ukutani. Nilikata mpira mpya wa valvu, nikavua ule uliovutwa na pazia, nikavika upya, nikaiweka fimbo jichoni kuelekea mlangoni. Nilisogeza kulia. Nilirudisha. Nilivua moja nikaivika tena. Tatu alikuwa amesimama karibu akitazama, hana haraka, na mara moja nikampa fimbo aweke jicho naye. Alitazama.

"Ya tatu kutoka nchani," akasema kwa wasiwasi.

"Upande gani?"

"Kushoto. Kidogo."

Ilikuwa kweli kushoto. Niliisukuma.

Zilipokaa sawa niliipeleka fimbo dirishani na kuilaza kwenye blanketi. Tatu akavuta kopo la biskuti, akachagua uzi wa kijani, akautia mate ncha. Nilikuwa bado nimesimama. Wivu ulikuwa palepale, haujapungua hata uzi mmoja, na nadhani hautapungua. Ulikuwa tu umekaa muda mrefu bila kuambiwa ukafanye kazi.

"Tatu," nikasema, "nipe mimi uzi."

Aliinua macho. "Utaharibu."

"Najua."

"Fimbo ya baba?"

"Pete moja tu. Ile ndogo ya mwisho. Nifundishe, nikiharibu tutaiacha hivyo hivyo."

Alinitazama mpaka nikaanza kutafuta maneno ya kuliondoa ombi langu. Kisha akainuka kutoka kwenye kiti cha dirishani, akanipisha, na aliponiwekea uzi kwenye kidole akashika gumba langu kwa gumba lake lenye sugu ili nisiulegeze.

"Kaza, mwenye nyumba," akasema. "Zungusha."

Nikazungusha.